Uzoefu wangu Sauti za Busara 2025: kiingilio kinalipika, kitanda ndiyo shughuli

Watu wakisikia nilikwenda Zanzibar kwenye Sauti za Busara, cha kwanza huuliza kiingilio. Shilingi ngapi? Kuna VIP? Kiingilio hakijawahi kuwa tatizo langu na tamasha hili. Kilichonitoa jasho ni pa kulala. Kwa hiyo maoni yangu haya, ingawa ni ya tamasha la muziki, sehemu kubwa yatakuwa ya vyumba, na mwenye haraka ya kujua nani aliimba vizuri aruke hadi kule chini.

Kwa ambaye hajawahi kufika: tamasha lilianza mwaka 2004, hufanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe wa Unguja jirani na bustani ya Forodhani, na kila anayepanda jukwaani anapiga laivu, hakuna kuimbia juu ya CD. Mwaka 2025 lilikuwa la siku tatu, Ijumaa tarehe 14 hadi Jumapili tarehe 16. Viingilio vina matabaka. Mtanzania ana bei yake, anaonyesha kitambulisho. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani analipa mara kadhaa ya hiyo. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akilalamika kwenye foleni kwamba huo ni ubaguzi, nikaangalia pembeni. Mimi naona ni haki kabisa, maana bila tiketi yake mimi ningeishia kusikiliza nikiwa nje ya ukuta. Tamasha hili halijiendeshi kwa shilingi zetu peke yake. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, tukangoja hadi 2017.

Dar tumezoea kinyume chake. Shoo kubwa ikija mjini unakwenda kwa bajaji na unarudi kulala kwako, kwa hiyo mwandaaji anajua mfuko wako wote utaishia mlangoni kwake. Ndiyo maana tuna kawaida, VIP, VVIP, halafu meza. Meza hizi, niseme tu, mimi sizipendi. Unalipa kiingilio chako cha kawaida, unafika mapema, unasimama tangu saa mbili usiku, na kitu cha kwanza unachokiona mbele yako ni migongo ya watu waliokaa na ndoo za barafu, wengine hata hawalitazami jukwaa. Busara sikuyaona mambo hayo. Ndani ya ngome, aliyelipa kwa dola na aliyelipa kwa shilingi wanakanyagana miguu palepale kwenye nyasi.

Sasa tuje kwenye kitanda.

Februari Zanzibar ni kaskazi: jua, bahari imetulia, Wazungu wanakimbia baridi ya kwao. Vyumba vina wateja hata kama hakuna muziki wowote. Wageni wa nje walioingia visiwani mwaka 2023 walikuwa 638,498. Mwaka 2024 wakafika 736,755. Mji Mkongwe wenyewe haukui. Uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, nyumba zake ni za mawe na chokaa, huwezi kumpandishia mtu ghorofa tano juu ya paa la babu yake. Watu wanaongezeka, vyumba vinabaki vilevile. Ongeza na hili: tarehe 14 Februari 2025, siku ya kwanza ya tamasha, ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa Valentine. Wapenzi wa Dar wote waliokuwa na uwezo wa kupanda boti walikuwa na wazo moja na mashabiki wa muziki.

Mimi na mdogo wangu tulilijua hilo, tukaweka oda mapema, mwezi wa kumi. Nyumba ndogo ya wageni upande wa Mkunazini, dola 45 kwa usiku, chumba cha watu wawili. Ilikuwa kupitia programu ya simu, unalipa ukifika. Jina silitaji. Mwanzoni mwa Januari nikapigiwa simu.

"Dada'angu, samahani sana. Kile chumba chenu kimeharibika maji. Fundi kasema hakitawahi."

"Hakitawahi Februari? Hii ni Januari."

"Ndiyo dada, mabomba ya zamani haya, unajua tena Mji Mkongwe."

Nikaelewa, nikamshukuru kwa kunijulisha mapema. Jioni mdogo wangu akafungua ile programu kutafuta kwingine, akanionyesha simu bila kusema neno. Chumba kilekile, kitanda cha Kizanzibari chenye nakshi, kioo cha meza kilichopasuka kwenye kona, shuka la maua. Dola 110. Nikapiga.

"Hicho ni kingine, dada. Vinafanana."

"Na vioo vyake vimepasuka kona moja?"

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema meneja ametoka.

Sikuwa na pa kushtaki. Sikuwa nimelipa hata senti, kwa hiyo sikuwa na risiti, na oda ya bila malipo inamlinda mgeni anayebadili nia na mwenye nyumba anayebadili nia vilevile. Kwa dola ya kama shilingi 2,500, chumba cha elfu 112 na ushee kilikuwa kimekuwa cha 275,000 kwa usiku, na hakuna tofali lililoongezwa.

Yasiwe ya Zanzibar peke yake. Tarehe 31 Agosti 2024 tiketi za bendi ya Oasis zilipoanza kuuzwa Uingereza, watu walikaa saa nyingi kwenye foleni ya mtandaoni wakijua tiketi ya kusimama ni kama pauni 150. Walipofika kwenye ukurasa wa kulipia, zile za bei hiyo zilikuwa zimekwisha na zilizobaki, za kusimama palepale, zilikuwa pauni 355. Kelele zilipigwa hadi mamlaka ya ushindani ya nchi ile ikaingilia. Na kwa upande wa vyumba, Mei 2023 Beyoncé alipoanzia ziara yake Stockholm, mchumi wa Danske Bank, Michael Grahn, alisema huenda maonyesho yale yalichangia kama pointi 0.2 za asilimia kwenye mfumuko wa bei wa Sweden mwezi ule, kwa sababu ya mahitaji ya hoteli na migahawa. Nchi nzima, mwanamuziki mmoja! Sasa fikiria mji ambao unaukata kwa miguu kutoka Malindi hadi Vuga kabla jasho halijakauka.

Tofauti niliyoiona ni hii. Kwa Oasis tiketi ndiyo iliyopanda mbele ya macho ya mtu. Busara tiketi imekaa pale ilipotangazwa, imepangwa na watu waliofikiria mfuko wa Mtanzania. Kitanda hakijapangwa na mtu aliyenifikiria mimi. Kinauzwa kwa bei moja kwa dunia nzima, kwa dola, na kinapanda kila anapokigusa mtu mwingine. Ukifika mlangoni pa ngome unakuta punguzo lako linakusubiri, lakini wangapi wameachwa Dar, Morogoro au Tanga kwa sababu hawakuwa na pa kuweka kichwa?

Suluhisho langu lilitoka kazini. Mwenzangu Mzanzibari alinisikiliza nikilalamika, akacheka: "Nyinyi watu wa bara mnang'ang'ania Shangani kama mmeolewa huko. Vukeni barabara, nendeni Ng'ambo." Shangazi yake ana nyumba Kikwajuni, huko Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, anapangisha vyumba vichache. Tatizo likawa moja: Ijumaa alikuwa na wageni, nafasi ilikuwa Jumamosi na Jumapili tu. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa tukalazimika kulipa hoteli ya Mji Mkongwe, 265,000, na hiyo ndiyo ilikuwa ya chini tuliyoipata yenye mlango unaofungika kwa ufunguo. Usiku mmoja ule ulizidi nauli zetu za boti, sote wawili, kwenda na kurudi.

Nimelala sehemu zote mbili, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Hotelini tulipofungua mlango tulikuta maua mekundu yamepangwa kopa katikati ya kitanda, taulo mbili zimekunjwa bata wanaobusiana, na kadi ya kututakia mapenzi mema. Mimi na mdogo wangu wa tumbo moja. Tulicheka hadi tukakaa chini. Kisha nikauliza mapokezi, nikaambiwa hicho ni kifurushi cha wapendanao, kimo ndani ya bei usiku huo kwa vyumba vyote, hakitolewi. Yaani nililipia maua ya kulala na mdogo wangu. Kiyoyozi kilifanya kazi hadi umeme ulipokatika, na jenereta yao ilikuwa ya taa tu. Chini ya dirisha kulikuwa na baa iliyofunga saa tisa usiku. Chai ya asubuhi ilikuwa mkate wa kuchoma vipande viwili, tikiti maji, na yai kwa atakayeliomba. Wahudumu walikuwa wema, sitawasema vibaya. Mandhari ya paani ni nzuri sana, unaona mitumbwi na minara. Lakini laki mbili na sitini na tano!

Kikwajuni tulilipa elfu hamsini kwa usiku, chumba kimoja, vitanda viwili vyenye vyandarua, feni moja inayogeuka kwa kusitasita. Choo ni cha pamoja, kisafi. Mama mwenye nyumba alitaka nusu ya fedha mapema kwa simu, na risiti yake ilikuwa ujumbe wa sauti: "Nimepokea mwanangu, chumba chenu hicho, hata aje sultani hapati." Tulipofika tukamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akatuuliza habari za mama yetu ambaye hajawahi kumwona. Asubuhi kulikuwa na chapati, mbaazi za nazi na chai ya mdalasini, na alituambia tusimwachie sufuria na kitu. Masharti yake: mlango mkubwa unafungwa saa sita usiku, ila siku za tamasha anampa mgeni ufunguo, na tusirudi na mtu. Kutembea hadi Ngome Kongwe ni kama robo saa, kwa mwendo wa wanawake waliovaa viatu vinavyofaa.

Usiku, kurudi, ndipo gharama nyingine inapojificha. Muziki ukiisha saa saba au saa nane, teksi zilizopanga foleni nje ya ngome zinakuangalia usoni kwanza ndipo zinakutajia bei. Tuliambiwa elfu ishirini hadi Kikwajuni. Tukasema asante, tukaungana na kundi la watu wanaoelekea Michenzani, tukatembea barabarani penye taa. Jumapili tulichoka, tukachukua bodaboda mbili, elfu tatu kila mmoja, baada ya kupatana. Binti aliye peke yake asitembee saa hizo vichochoroni, hata kama watu watamwambia Zanzibar ni salama. Aweke ya bodaboda pembeni tangu mchana.

Chakula: Forodhani ni pazuri kutazama, lakini uliza bei kabla hujashika kijiti cha mshikaki. Kuna bei ya mgeni, kuna bei ya bara, kuna bei ya mwenyeji. Mdogo wangu alijaribu kuuliza kwa lafudhi ya Kiunguja, "bei gani hii yakhe", muuzaji akamwangalia kwa huruma, akamtajia bei ya bara. Urojo kula mchana, huko Darajani na mitaa ya jirani, siyo Forodhani usiku. Maji nunua dukani kabla ya kuingia mjini. Mapapasi watakufuata kutoka bandarini wakitaka kukuonyesha hoteli. Ukishakubali kufuatana nao, jua kamisheni yao itaingia kwenye bei yako.

Na muziki? Huko sina deni na mtu. Zawose Queens, Pendo na Leah wa ukoo wa marehemu Hukwe Zawose wa Bagamoyo, walipiga ngoma za Kigogo, wanawake wamekaa wao wenyewe kwenye ngoma na zeze, na zeze kwa muda mrefu lilikuwa linaachiwa wanaume. Nilikuwa nimewasikia kwenye simu tu. Laivu ni jambo jingine kabisa. Sauti ya pili inapanda juu ya ile ya kwanza mpaka unageuka kutafuta imetokea wapi. Thandiswa Mazwai wa Afrika Kusini alikuwa na heshima ya mtu asiyehitaji kupiga kelele. Christian Bella aliwafanya watu wazima waimbe kwa sauti ya harusini, na mimi nikiwemo. Vyombo vinasikika safi, vipaza sauti havikoromi, ratiba haikupishana na muda sana. Ukitoka Dar ambako msanii mkuu anapanda jukwaani saa tisa alfajiri, hilo peke yake linatosha kukupandisha boti. Upande wa muziki nawapa alama zote, na upande wa mlangoni pia: foleni inakwenda, mabaunsa wana lugha ya adabu, na kitambulisho cha NIDA kinatosha kupata bei ya Mtanzania.

Kuna kundi jingine nililolikuta ambalo halikulipa kitanda chochote. Vijana wa Dar, wengi wao wa vyuo, wanakuja na boti ya mchana, wanaingia ngomeni, muziki ukiisha wanakaa Forodhani kwenye viti vya mawe hadi boti ya asubuhi. Mmoja aliniambia amekunja mkeka kwenye begi. Nilimuuliza polisi hawawasumbui? Akasema wanawauliza tu wametoka wapi, wanaondoka. Sifa zao nawapa, lakini hilo ni la mwenye miaka ishirini na mgongo usiouma, na la mvulana. Mdogo wangu asingethubutu, na mimi nisingemruhusu.

Kwa sababu hiyo nina ombi, siyo kwa waandaaji peke yao. Muziki unaisha usiku wa manane na boti ya kwanza ni asubuhi. Boti moja tu ya usiku, Jumapili ya tamasha, ingeokoa usiku mzima wa hoteli kwa kila Mtanganyika aliyemo ngomeni. Najua kuna masharti ya kusafiri usiku na hali ya bahari, lakini liulizwe. Pili, mabweni. Mjini Unguja kuna vyuo vyenye mabweni, wiki ya tamasha vitanda vichache vikitengwa kwa bei ya kawaida vitajaa siku moja. Tatu, waandaaji wakiweka orodha ya nyumba za wageni za Ng'ambo zilizokubali kutobadili bei, mimi nitaiamini kuliko nyota za programu yoyote. Tunaambiwa kila mwaka tuwe watalii wa ndani. Tupo tayari, ila mtalii wa ndani naye hulala.

Kama unafikiria kwenda, weka fedha ya chumba pembeni kabla ya kununua hata kiingilio. Usiridhike na oda ya kulipa ukifika. Lipa sehemu, pata ujumbe unaoonyesha jina, tarehe na bei, kisha mpigie mwenyewe mwezi mmoja kabla umkumbushe upo. Usitafute Shangani, Hurumzi wala Mkunazini isipokuwa mtu mwingine analipa. Kikwajuni, Mlandege, Michenzani, hata Mwembetanga, unafika ngomeni kwa miguu. Mkiwa watatu au wanne, chumba cha familia ni nafuu kuliko vyumba viwili. Na angalia kalenda: tarehe zikiangukia Valentine tena, oda yako iwe imelipiwa kabla ya Krismasi.

Mwaka 2026 tamasha lilipangwa tarehe 5 hadi 8 Februari, siku nne badala ya tatu, kabla Ramadhani haijaingia. Usiku mmoja zaidi wa kulipia, lakini angalau wapendanao hawakuwemo. Nilimtumia mama wa Kikwajuni nusu ya fedha ya chumba. Bei ilikuwa imepanda elfu tano kwa usiku. Nilipouliza sababu akasema ameongeza feni ya pili, ili tusigombane.